Shajara ya siku ya kuchukua mizigo: hoteli ya ghorofa tatu, ngazi moja

Jumatatu, siku sita kabla

Mnada wetu wa mtandaoni umefungwa jana saa 3 usiku. Dakika kumi za mwisho simu ilichemka kama pasi; watu wanapandishana elfu tano tano kwenye viti vya ukumbini utadhani mafundi samani wote wa Keko wamegoma.

Loti, yaani mafungu ya vitu, 118; washindi 47. Vitu vyote ni vya hoteli ndogo iliyofungwa hapa Kariakoo: vyumba 26, jiko, ukumbi wa chakula, jenereta uani, tenki la maji juu ya paa. Mwenye jengo anataka funguo zake Jumanne ijayo saa 4 asubuhi, na anataka jengo tupu. Tumekubaliana mizigo itoke Jumapili. Jumamosi mtaa ule huwezi kugeuza hata guta, sembuse Canter.

Usiku huu nimeandika ratiba ya kwanza: aliyelipa mwanzo anachukua mwanzo. Inaeleweka, haina upendeleo, na inamsukuma mtu alipe mapema. Dada wa hesabu kaipenda. Mzee wetu wa ofisini kaisoma mpaka chini, kavua miwani, kaniuliza, "Ile ngazi umeipima?"

Sikuwa nimeipima.

Jumanne

Nimeipima. Sentimita 92 kutoka ukutani hadi kwenye chuma cha kushikilia. Kwenye kila kona kuna kibaraza ambacho akisimama mtu mmoja na godoro, mwenzake hapiti. Lifti ilikufa zamani, hata hoteli haijafungwa. Sasa hivi ni stoo ya mifagio na ndoo.

Nimezunguka jengo lote na chaki na orodha mkononi, na kila nilipogeuka ratiba yangu ilikuwa inakufa. Mtu wa kwanza kulipa ni mama mmoja wa Chanika: vitanda sita vya mninga, 5 kwa 6, vyote ghorofa ya tatu. Wa pili ni mwenye jenereta. Wa tatu ni mwenye viti vya ukumbini, na viti vyenyewe vimepangwa mistari kwa mistari mbele ya mlango wa uani, njia pekee ya kuifikia jenereta. Kwa hiyo wa pili angekaa kumngoja wa tatu, wa tatu angefika saa 4, na mama wa Chanika angekuwa ameshaziba ngazi kwa mbao tangu saa 1.

Nimechana karatasi. Foleni haitapangwa na aliyelipa wala na namba ya loti, itapangwa na jengo: kilicho karibu na mlango kinatoka, kinaachia njia kilicho nyuma yake. Na nikagundua jambo ambalo picha za mnada hazikuonyesha, kwamba jengo lina milango miwili isiyogusana. Mlango wa mbele unahudumia ngazi na vyumba vyote. Geti la uani linahudumia jiko, ukumbi, mashine za kufulia na jenereta. Hizo ni foleni mbili zinazoweza kwenda kwa pamoja, kila moja na mtu wake wa kusimamia.

Mbele kila mteja apewe dakika 20, nyuma dakika 40, kwa sababu nyuma kuna vyuma. Mbele tushuke kwa ghorofa: ya kwanza yote, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ghorofa mbili zisitumie ngazi wakati mmoja hata mteja akilia.

Kwa mpango huu mama wa Chanika, wa kwanza kulipa, anakuwa karibu wa mwisho. Nimempigia mwenyewe. "Shikamoo mama." Nimemweleza habari ya ngazi. Akanyamaza, akasema, "Haya mwanangu, lakini visipotee vitu vyangu." Nimemwahidi.

Jumatano

Siku ya malipo. Mwisho ilikuwa saa 10 jioni. Waliolipa kwa wakati ni 39, watatu wakaomba mpaka usiku wakalipa, watano simu zao hazipatikani tena. Loti za hao watano zinarudi kwa aliyefuata kwa dau, lakini si kwa Jumapili hii. Tutazihamishia kwenye stoo yetu. Siku ya kuchukua nataka kuhudumia watu 42 ambao hesabu yao imefungwa, basi.

Pesa zenyewe zimeingia, shida ni majina. Mshindi ni Fulani, pesa imetoka kwenye simu ya mkewe, ya shemeji, ya wakala wa mtaani. Dada wa hesabu amekaa na taarifa ya akaunti na kalamu mbili, nyekundu na ya kijani, anaoanisha moja moja. Mmoja alitutumia picha ya ujumbe wa malipo, umekamilika kabisa: namba ya muamala, saa, makato. Umekosa kitu kimoja tu, pesa haipo kwenye akaunti. Tulipomuuliza akasema mtandao unasumbua. Tukamwambia usijali kaka, mtandao ukitulia tutaiona. Yumo kwenye wale watano.

Hilo limezaa kanuni ya getini: hakuna mtu anayeonyeshwa simu. Ujumbe kwenye simu ya mteja si malipo. Malipo ni kile kilichopigwa kijani na dada.

Uamuzi mwingine ni wake, na ndio wa maana kuliko yote ya leo. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, anazitoa zote kabla ya Jumapili, anabana kila moja kwenye fomu ya mteja wake. Mimi nilidhani tutazitoa hapohapo getini. "Kaka, watu 42, mashine moja, na karatasi ikiisha katikati?" Na gari likisimamishwa njiani na mzigo usio na risiti, dereva atampigia nani? Mimi.

Alhamisi

Leo nimejifunza kuhusu AC.

Kuna AC 19 za ukutani, wateja wanne. Kwenye tangazo tuliandika kwamba tutazishusha sisi, kwa sababu mnunuzi akija na bisibisi na haraka atakata bomba, gesi yote inaishia hewani na yeye anaondoka na boksi. Fundi kafika saa 2 asubuhi na mtoto wake wa kazi, kapanda, kabonyeza rimoti. Kimya. Umeme hakuna.

Fundi akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu wa ofisini. Gesi ya AC haibaki sehemu moja, inazunguka kati ya mashine ya ndani na ile ya nje. Ukitaka kuihamisha bila kuipoteza, unawasha AC ipoe kwanza, unaziba valvu ya bomba jembamba kwa ufunguo wa pembe sita, unaiacha kompresa ivute gesi yote na kuifungia mashine ya nje, dakika moja na kitu, kisha unaziba valvu ya bomba nene na kuzima hapohapo. Ndipo unafungua mabomba. Bila umeme kompresa haivuti. Bila kompresa hakuna kilichohifadhika.

Nikaenda kwenye mita ya LUKU: sifuri. Nimenunua umeme kwa simu, nimeingiza tarakimu 20, mita imekataa. Nimeingiza tena, imekataa. Mtoto wa fundi akachukua simu, akasoma kwa sauti nne nne huku mimi nabonyeza, ikakubali. Nilikuwa naruka saba.

Umeme umefichua jingine. AC mbili zinazunguka tu, hazipoi. Kwenye tangazo tuliandika "zote zinafanya kazi", na mwandishi wa tangazo ni mimi, niliyeziona zikiwa zimezimwa. Nimewapigia wenye nazo leo hii, kabla hawajaja kugundua wenyewe. Mmoja kataka arudishiwe pesa ya moja. Mwingine kasema iache, atachukua kwa ajili ya spea, tumpunguzie. Tumempunguzia. Mazungumzo hayo hayakufika dakika tano. Getini mbele ya watu yangechukua asubuhi nzima.

Jioni AC 11 zimeshuka. Nane zimebaki za kesho.

Ijumaa

AC zimekwisha kabla ya swala.

Nimewatumia wateja wote ujumbe: saa yako, mlango wako, na namba ya siri ya tarakimu nne. Anayetuma mtu, mtu huyo aje na nakala ya kitambulisho cha mshindi na namba hiyo. Waingilie upande wa Lumumba, wasithubutu kusimama Msimbazi kwenye njia ya mwendokasi. Na swali moja: unakuja na gari gani?

Majibu 42. Ishirini na tatu wamejibu, "Nakuja na usafiri."

Nimewapigia wote hao. Usafiri mmoja ulikuwa bodaboda, wa kuchukua friji mbili.

Mchana nimepita ofisi ya serikali ya mtaa kutoa taarifa kwamba Jumapili magari yatasimama mbele ya jengo. Mwenyekiti ameelewa. Ameniuliza tu, "Na vijana wa mtaa umeongea nao?" Nilikuwa nimepanga kuleta wabebaji sita kutoka kwetu Buguruni. Akacheka. Nimeenda kuongea nao. Wana kiongozi wao, kijana mpole mwenye shingo ya kontena, na kazi ya kubeba mtaa ule ni yao. Tumepanga bei moja kwa kila kitu kwa kila ghorofa, tumeiandika kwenye boksi kubwa litakalotundikwa mlangoni, mteja asikutane na bei ya papo kwa papo. Nimechukua wanane wa kwake, nimebaki na wawili wetu wa kusimamia hesabu.

Jumamosi

Tumeshusha vitu vidogo vyote hadi mapokezi: televisheni, birika, taa, friji ndogo. Friji tumezibeba wima, na kila moja tumeibandika karatasi: ukiilaza njiani, isimamishe masaa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Vitanda vya ghorofa ya tatu tumevifungua. Kila kitanda na kifuko chake cha nailoni, bolti nane, kimefungwa kwa selotepu kwenye ubao wa kichwani.

Tenki la paani ni lita 5,000 na lilikuwa na maji zaidi ya nusu. Tani mbili na ushee juu ya vichwa vyetu wiki nzima, na hakuna aliyeuliza. Tumefungua bomba saa 4 asubuhi, majirani wamejaza ndoo, madumu, hata beseni la mama ntilie. Jioni limebaki tope la chini. Nimelipima kipenyo: mita 1 na sentimita 80. Mwenye nalo aliniambia anakuja na kirikuu, ile pikapu ndogo. Nimemwambia halitaingia. Kanijibu, "Bosi, kirikuu hujaijua wewe."

Jumapili

*Saa 12:15 asubuhi.* Nimekuta mteja amekaa kwenye ngazi ya mlangoni tangu alfajiri. Saa yake ni saa 5. Nimempa chai.

*Saa 1:10.* Viti vya ukumbini vimevutwa pembeni, breki dauni imeingia uani kinyumenyume, jenereta imeinuka. Mzee wa Kibaha aliyeinunua anafungua kifuniko cha pembeni kabla ya kusaini, na yuko sahihi. Betri haipo. Natoa picha ya tangazo, betri inaonekana wazi. Moyo wangu unashuka hadi kwenye viatu. Mlinzi wa usiku, ambaye alikuwa anaaga, anasikia neno betri na kurudi. "Iko kibandani kwangu. Niliitoa isije ikaibiwa." Imeunganishwa na redio.

*Saa 2:40.* Mbele tumeshachelewa. Dakika 20 zimekuwa 35, na sababu si ngazi. Wateja wanapanda vyumbani kukagua, wanahesabu mito, wanafungua droo, huku wabebaji wamesimama kwenye kibaraza mikono mitupu. Nimebadilisha: hakuna mteja anayepanda. Mzigo wake unashuka wote, anaukagua na kuuhesabu kwenye meza mbili za mapokezi, anasaini, anapewa geti pasi. Wakati anahesabu, wa pili yake anashushiwa. Kufika saa 4 tumerudi kwenye dakika 20. Ningeliona hili Jumanne nilipokuwa na chaki, ningechora na hizo meza.

*Saa 5:00.* Viti. Mteja amenunua 80, anahesabu 77. Tunahesabu tena, 77. Anaanza kupandisha sauti, na haki yake. Kiongozi wa wabebaji anatazama huku na huku, ananyanyuka kimyakimya, anakisukuma kiti chake mbele. Mlinzi wa mchana naye vivyo hivyo. Sabini na tisa. Watu wote wananiangalia mimi. Cha 80 nilikuwa nimekikalia.

*Saa 8:20.* Mvua ya ghafla, dakika kumi, magodoro manne yako nje. Turubai lilikuwa ndani ya gari, gari liko mwisho wa mtaa. Yamelowa pembeni tu. Mteja amepunguziwa kidogo, tumeachana vizuri.

*Saa 9:00.* Kirikuu imekuja. Tenki limeshushwa kwa kamba kutoka paani, vijana wanne juu na watatu chini, upande wa nyuma ambako hakuna waya za umeme. Limewekwa juu ya kirikuu. Limekaa juu ya mbavu za gari kama yai juu ya kijiko. Mwenye nalo kalizunguka mara mbili, hakusema neno. Palikuwa na Canter ya mteja wa makabati, nusu tupu, inakwenda Mbagala. Naye wa Mbagala. Nimewakutanisha, wakapatana bei wenyewe. Kirikuu imeondoka na mabeseni ya jikoni.

*Saa 10:10.* Kijana anachukua friji 14 za mteja wa Unguja. Nakala ya kitambulisho anayo, namba ya siri hana. Anasema amesahau, mzigo unasubiriwa bandarini. Ni kijana mstaarabu, anaongea vizuri, kila mtu anataka kumruhusu, mimi pia. Mzee kakataa kwa upole: "Baba, mpigie aliyekutuma." Kapiga. Mteja kaitaja namba kwa sauti kwenye simu ya Mzee, iliyo na namba yake tangu siku ya kujisajili. Imeisha hapo, dakika tatu.

*Saa 11:30.* Mama wa Chanika, na mwanawe, na Fuso. Vitanda vinashuka ubao kwa ubao. Vifuko vya bolti: viwili, vitatu, vinne, vitano. Cha sita hakipo. Selotepu ipo kwenye ubao, imechanika. Tumepekua chumba, tumepekua ngazi, tumemulika kila kona kwa simu. Mama hakufoka. Ameniangalia tu, na ningependa angefoka. Nimeandika kwenye fomu yake kwa mkono wangu: kifuko kimoja, deni letu.

*Saa 1 usiku.* Wateja 40 wamechukua. Wawili hawakutokea. Miguu siisikii.

Jumatatu

Mmoja wa wale wawili alikuwa msibani, amekuja leo na kuchukua. Mwingine anasema alidhani tunamletea. Kwenye ujumbe wa Ijumaa neno "kuchukua" limo mara tatu, nimehesabu. Mzigo wake tumeuhamishia stoo pamoja na loti za wale watano, atalipia usafiri.

Malalamiko hadi jioni: kabati moja limebonyea pembe, tumelipa. Taa mbili haziwaki, zilikuwa haziwaki kwenye picha pia.

Jumanne

Kukabidhi funguo. Mwenye jengo kafika saa 4 kasoro, anapita chumba kwa chumba. Kasema sawa, ila sakafu zifagiliwe. Nimeenda kwenye lifti kuchukua mfagio. Chini ya ndoo, kifuko cha nailoni. Kuna mtu Jumapili ile kwenye msongamano alikiona kimeanguka, akakiweka mahali ambapo kwa maoni yake hakitapotea.

Nimempigia mama. Kafurahi kuliko nilivyostahili. Mwanawe yuko mjini, atapita kuchukua saa 7. "Ni bolti nane, mwanangu. Zihesabu kabla hujafunga."

Nimezimwaga kwenye kiganja, nimezihesabu. Saba.

Nimefagia sakafu, nimekabidhi funguo, nimechukua moja ya sampuli, na sasa natembea kuelekea Gerezani kutafuta ya nane.